AJALI YA TAWI INA KINGA



Leo tunaandika juu ya jambo ambalo wengine watalicheka. Si mshahara, si likizo, wala si saa za ziada. Ni matawi ya miti. Twaomba mtu asicheke kabla hajafika mwisho wa ukurasa, kwa maana tawi halichagui kichwa cha mkubwa wala cha mdogo. Lakini wanaoshinda chini ya miti kila siku ni sisi, na wanaocheza chini yake ni watoto wetu.

Kila mtu wa Uasin Gishu anaijua mikalitusi, ambayo wengi wetu twaiita bulugamu. Iko kando ya reli, kando ya barabara, nyuma ya nyumba za wafanya kazi, kando ya shule na makanisa. Wapita njia hupumzika chini yake. Genge la reli likichoka kupiga kokoto hutafuta kivuli chake likanywe chai. Mama wa mboga hupanga nyanya zake pale pale. Na juu ya vichwa vyao wote liko tawi kavu ambalo hakuna aliyeulizwa habari zake tangu lilipokauka.

Sisi watu wa reli tuna udugu wa zamani na mti huu. Asili yake ni Australia. Uliletwa Kenya mwaka 1902, wakati Serikali ilipokuwa ikitafuta mti unaokua upesi wa kutoa kuni za gari la moshi. Injini za siku zile zilikula kuni kama vile ng'ombe anavyokula majani. Reli ilipofika Eldoret mwaka 1924, uwanda wetu ulikuwa nchi ya nyasi kuliko nchi ya miti, na watu walipanda miti ya kigeni wapate kuni, nguzo na kinga ya upepo. Baadaye injini za mvuke zilikwisha, zikaja za dizeli. Injini zilipewa barua ya kustaafu, lakini mikalitusi haikupewa. Ilibaki imesimama, ikaendelea kurefuka, na hakuna nyapara aliyeandikwa kuitazama.

Mkulima anayeuza nguzo za umeme hukata mkalitusi wake ukiwa na miaka 8 au 10 au 12. Mti wa umri huo ni kijana, una nguvu na umenyooka. Ule ulioachwa miaka mingi hupita mita 40, matawi yake ya chini hufa kwa kukosa jua, na mti wenyewe huyatupa. Ndiyo tabia yake. Hautupi kwa ubaya, hujipunguzia mzigo tu. Lakini aliye chini hana habari.

Wengi hudhani kwamba hatari ni siku ya tufani peke yake. Si kweli. Tufani na mvua ya mawe huvunja matawi, hilo twalijua sote. Lakini wataalamu wa miti wa nchi nyingi wameandika habari za matawi makubwa, tena mabichi yenye majani, yanayokatika siku ya jua kali, upepo umetulia kabisa, mchana au alasiri. Mpaka leo wanabishana juu ya sababu yake. Na mkalitusi ni mmoja wa miti inayotajwa sana kwa jambo hilo. Kwa hiyo saa ile ile tunayokimbilia kivuli ndiyo moja ya saa za kuogopa kivuli.

Sasa tufanye hesabu kidogo, hesabu ya shule ya msingi tu. Chukua tawi lenye uzito wa mfuko wa saruji, yaani kilo 50. Hilo si tawi kubwa kwa mkalitusi. Likatike mita 20 juu. Litafika chini kwa muda wa nukta 2, na likifika litakuwa na kasi ya kilometa 70 kwa saa, ambayo ni kasi ya matatu katika barabara kuu. Nukta 2 ni muda wa kuinua kichwa na kuuliza, "Nini hiyo?" Si muda wa kukimbia. Kofia ngumu tunayopewa kazini ni nzuri, nayo tuivae, lakini haikutengenezwa kwa kupokea mfuko wa saruji unaokuja kwa kasi ya matatu.

Hapa ndipo tunapotaka kusema neno letu kubwa. Waswahili walisema, "Ajali haina kinga." Methali hii ni ya kweli kwa mambo mengi, lakini imekuwa kichaka cha watu kujifichia. Tawi likimwua mtu, utasikia wakubwa na wadogo wakisema, "Ni ajali, ni kazi ya Mungu, tumwombee." Sisi twamwombea marehemu, lakini twauliza pia: Je, tawi lile lilikauka jana? La. Tawi hukaa mwaka na miaka likitoa dalili. Mungu alitupa macho ya kuona dalili hizo kabla hatujamsukumia yeye lawama.

Dalili zenyewe si siri, wala hazihitaji cheti cha chuo kikuu. Tawi lisilo na majani wakati mengine yanayo, na gome lake limebanduka, limekufa. Tawi lililovunjika likanasa juu ya mengine ni baya kuliko yote. Huko Australia na Marekani wakata miti hulipa jina la "mfanya wajane", na jina hilo latosha. Shina lililogawanyika mara mbili kama herufi V, na gome limeingia katikati, halikushikamana vema. Siku moja litapasuka. Uyoga ukiota shinani au kwenye mizizi, ujue ndani kunaoza ingawa nje ni kuzima. Unga wa mbao na njia za mchwa ni habari hiyo hiyo. Udongo ukiinuka au ukipasuka upande mmoja wa mti, mizizi inaachia. Na mti uliochimbiwa mtaro karibu umekatwa miguu, hata kama kichwa bado ni kijani. Mtu wa reli anajua kutambua taruma bovu kwa kulitazama na kuligonga. Hatashindwa kutambua mti mbovu.

Mambo haya si ya kwetu tu. Katika kisiwa cha Madeira, nchi ya Ureno, tarehe 15 Agosti 2017, watu walikusanyika mahali paitwapo Monte, juu ya mji wa Funchal, kwa sikukuu ya Bikira Maria. Walikuwa wakingoja maandamano. Mwaloni mkubwa ukawaangukia. Watu 13 walikufa, na wengine kama 50 wakaumia. Hawakuwa wakikata mti wala kuupanda. Walisimama tu, na nguo zao za sikukuu. Na baada ya mazishi yakazuka mabishano: ardhi ile yenye mti ni ya parokia au ni ya manispaa?

Ndugu zetu, mabishano hayo twayajua sana. Hapo nyuma tulikuwa na mkalitusi mmoja nyuma ya nyumba tunazokaa, na tawi lake moja kavu, nene kama paja la mtu, lilielekea jiko la nje linalotumiwa na jamaa kadhaa. Tulikwenda ofisi moja, tukaambiwa mti ule uko nje ya mpaka wao. Tulikwenda ofisi ya pili, tukaambiwa uko ndani ya mpaka wa ile ya kwanza. Ofisi ya tatu walituambia tulete barua, na tulipoleta barua wakasema aliyehusika yuko likizo. Kila mmoja alikuwa na ramani yake, na katika kila ramani mti ule ulikuwa wa mwingine. Hivyo miezi 5 ikapita.

Tawi likaanguka usiku wa manane. Mabati ya jiko yalikunjika kama karatasi, na mawe ya moto yakatawanyika. Saa 1 ya jioni ile ile walikuwamo humo ndani mama wawili wakisonga ugali, na watoto wanne wakingoja kula. Asubuhi yake watu wenye msumeno wa mota walifika kabla ya saa 4, wakaukata mti mzima ukaisha. Hatusemi kwamba walifanya vibaya kuja. Twasema hivi: pesa za msumeno ambazo hazikupatikana kwa miezi 5 zilipatikana kwa asubuhi moja. Basi hazikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kusema, "Mti huu ni wangu."

Wengine watatuambia, "Nyinyi mnataka kukata miti wakati nchi nzima inapanda." Tunajibu kwa adabu. Serikali ilitangaza mwishoni mwa mwaka 2022 shabaha ya kupanda miti bilioni 15 kabla ya mwisho wa mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 watu walipewa siku ya mapumziko ili wapande miti. Hilo ni jambo jema, maana bila miti hakuna mvua ya mahindi yetu. Lakini aliyezaa mtoto ana kazi ya kumlea, na aliyepanda mti ana kazi ya kuutazama. Kumwondolea mti tawi lililokufa si kuuharibu, ni kuutunza, kama vile kumkata mtoto kucha. Wako na wanaotaja marufuku ya mwaka 2018 ya kukata miti. Marufuku ile ilihusu misitu ya umma, na mwaka 2023 Rais alitangaza kuiondoa. Haikuwa amri ya kuacha tawi bovu lining'inie juu ya kitanda cha mtoto.

Wengine watasema, "Mikalitusi yote ing'olewe, ni mti mbaya unaokunywa maji." Habari ya maji ni kweli ina uzito, mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati ule, marehemu John Michuki, aliagiza mikalitusi iliyo kwenye chemchemi na kingo za mito iondolewe. Lakini hatutaki mti uhukumiwe kwa kabila lake. Mkalitusi umewajengea watu wengi nyumba, umesimamisha nyaya za umeme mpaka vijijini, na umesomesha watoto wa Uasin Gishu na Nandi. Tunachosema ni kwamba mti mrefu una mahali pake, na mahali pake si juu ya jiko, wala juu ya kituo cha basi, wala juu ya njia ya reli. Mjakaranda na mberoshi nayo huangusha matawi. Tutazame kila mti kwa hali yake.

Tena wako wanaosema, "Kuni zitatoka wapi?" Ndiyo, mama zetu huokota kuni chini ya miti hiyo, na bei ya makaa na gesi twaijua. Lakini tawi likikatwa kwa mpango litatoa kuni zile zile, bila mtu kulingoja likiwa angani. Wala mtu asipande juu na panga, bila kamba, kwa ajili ya kuni za siku moja. Na wanaochoma taka kwenye shina la mti, au kukata mizizi yake, waache: wanamwua askari aliyesimama juu ya nyumba yao wenyewe.

Sasa tuje kwenye haki zetu, maana mfanya kazi asiyejua haki yake ni kama abiria asiye na tiketi. Hata akiwa amelipa, atashushwa.

Iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Yasema kwamba mfanya kazi akiwa na sababu ya kuamini kuwa iko hatari kubwa iliyo karibu, yampasa amwarifu msimamizi wake, na mwajiri hana ruhusa ya kuwarudisha watu mahali pale wakati hatari ingalipo. Kwa hiyo nyapara akisema, "Kaeni chini ya mti huu mle upesi," na juu liko tawi lililonasa, kumwambia hapana si ukaidi. Ni sheria. Sheria hiyo hiyo yamkataza mwajiri kumwonea mtu kwa sababu amelalamika juu ya usalama. Na mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi yapasa iwepo kamati ya usalama na afya. Swali letu kwa kila mwanachama ni hili: Je, kamati ya kwenu ipo? Imekutana lini? Imewahi kuinua macho juu ikatazama miti?

Iko pia Sheria ya Mafao ya Majeruhi Kazini, nayo ya mwaka 2007. Mfanya kazi akifa kwa ajali ya kazini, fidia kwa wanaomtegemea ni mapato yake ya miezi 96. Akilemaa kabisa, hesabu ni hiyo hiyo. Madai yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali. Kibarua naye asidanganywe kwamba hahusiki kwa kuwa hana karatasi. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba.

Lakini sikilizeni vema neno hili, ndilo lililotufanya tuandike. Sheria ya mafao ni ya mfanya kazi aliyeumia kazini. Mke wake aliyekuwa akipika jikoni haimo. Mtoto aliyekuwa akicheza chini ya mti haimo. Tawi likiwapiga hao, hakuna miezi 96. Kuna njia ya mahakama tu, na mawakili, na kuahirishwa, na yale mabishano ya ramani. Mtu mwenye mshahara wetu ataingia njia hiyo akiwa amevunjika moyo, na huenda akatoka bila kitu. Basi kwa watu wa nyumbani kwetu fidia ya hakika ni moja tu: tawi liondolewe kabla halijaanguka.

Kwa hiyo twaweka mbele ya wanachama, na mbele ya waajiri na wakubwa wa mji wetu, ambao ulifanywa jiji tarehe 15 Agosti 2024, maombi haya matano:

1. Kila genge, kila karakana na kila mtaa wa nyumba za wafanya kazi uwe na daftari la miti. Kila mti mrefu ulio karibu na nyumba, njia au reli upigwe namba kwa rangi, na mbele ya namba liandikwe jina la ofisi inayohusika. Mti usio na mwenyewe ujulikane mapema, si siku ya mazishi.

2. Miti itazamwe kila mwaka mwezi wa Januari au Februari, wakati wa kiangazi, kabla ya mvua kuanza. Itazamwe tena baada ya kila tufani, kwa maana tufani ndiyo inayonasisha matawi juu.

3. Kukata kufanywe na watu waliofundishwa, wenye kamba, kofia na msumeno mzima. Wakati wa kuangusha mti, asikae mtu yeyote karibu kuliko urefu wa mti ule mara mbili. Penye nyaya za umeme waitwe watu wa umeme wazizime kwanza. Hatutaki kuondoa kifo cha tawi kwa kuleta kifo cha waya.

4. Mahali pa kunywea chai, vibanda, vituo vya kungojea gari na viwanja vya watoto viondolewe chini ya mikalitusi mizee. Ikihitajika, mwajiri atujengee kibanda cha mabati cha kupumzikia. Bei ya mabati 10 ni ndogo kuliko bei ya jeneza moja.

5. Kwa kila mti unaokatwa, upandwe mwingine, na upandwe mbali. Kipimo ni rahisi: mti ukifika urefu wake wote kisha ukaanguka, usiifikie nyumba wala reli.

Na kwa wanachama wenyewe twasema: andikeni. Neno la mdomo huchukuliwa na upepo kabla upepo haujachukua tawi. Andikeni tarehe, mahali ulipo mti, na dalili mliyoiona. Mfanye nakala mbili: moja mpeni msimamizi, nyingine mpeni mjumbe wa chama, naye aitie sahihi. Asiyejua kuandika amwendee anayejua, hakuna aibu. Karatasi hiyo ina kazi mbili. Yaweza kuleta msumeno. Na kama msumeno haukuja na mtu akaumia, karatasi hiyo itasimama mbele ya hakimu na kusema kwamba hatari ilijulikana, na nani aliijua, na tangu siku gani. Hapo hakuna atakayeweza kusema ni kazi ya Mungu.

Mvua za Uasin Gishu huanza mwezi wa Machi au Aprili, nazo huendelea mpaka Septemba. Hazimngoji mtu amalize likizo. Jumapili hii, kila mtu akitoka kanisani au akitoka kulala, azunguke nyumba yake akitazama juu, na Jumatatu asubuhi alete habari kwa mjumbe wake. Tutaziandika zote katika daftari moja, na tutazipeleka kwa wakubwa kwa jina la chama, si kwa jina la mtu mmoja, ili asiwepo wa kuonewa.

Umoja ni nguvu.